Vyama vya Udugu na Jirani Asiye Mwanachama

Mtu aliyeondoka Ruiru zamani, wakati sehemu kubwa ya nchi ile ilipokuwa mashamba ya kahawa na katani, akirudi leo na kushuka Kimbo kando ya barabara kuu ya Thika, atauliza njia kama mgeni. Nyumba za mawe za ghorofa zimesimama mahali pa mazao, na katika kila ploti wamo wapangaji wa vyumba kumi, ishirini, hata arobaini. Hesabu ya watu ya mwaka 2009 ilikuta katika mji wa Ruiru watu karibu 240,000. Hesabu ya mwaka 2019 ikakuta karibu 490,000. Mji umezidi mara mbili katika muda wa miaka kumi, na wengi wa walioongezeka hawakuzaliwa hapo. Wametoka Murang'a na Nyeri, Ukambani na Kisii, Busia na Siaya, wakifuata kazi za Nairobi na Thika pamoja na kodi ya nyumba iliyo nafuu kidogo.

Mji wa namna hii una shida moja isiyoonekana mchana, watu wanapokuwa kazini. Huonekana mtu anapougua usiku, au anapokufa. Nyumbani kwao marehemu ana ukoo, na ukoo hauhitaji kuitwa mara mbili. Katika ploti ya Kimbo jirani humjua kwa jina la mtoto wake tu, Baba Fulani au Mama Fulani, na pengine hajui hata kijiji alikotoka. Maiti amelazwa katika chumba cha maiti, na malipo yaongezeka kila siku; safari ya kumpeleka Busia ni ndefu na gari ni ghali; mwenye ploti naye angoja kodi ya mwezi. Nani atakayesimama?

Mara nyingi atakayesimama ni chama. Viko vyama vya wanawake vya kuchangiana fedha kwa zamu, vyama vya waendesha bodaboda wa kituo kimoja, vyama vya watu waliotoka wilaya moja, na vya wapangaji wa ploti moja. Kila kimoja kina mwenyekiti, mwandishi na mweka hazina, kina faini ya mchelewaji, na kina daftari, hata kama siku hizi daftari hilo limo ndani ya simu. Fedha hupita kwa M-Pesa, iliyoanza mwaka 2007, na jina la asiyetoa huonekana na wote. Habari hizi kila msomaji azijua. Lililo la kufikiriwa ni jambo jingine: karibu vyama hivi vyote huwasaidia wanachama wao, na hapo huishia. Mpangaji aliye maskini kuliko wote hana chama, kwa sababu hakuweza kutoa shilingi mia mbili za kila mwezi. Basi anayehitaji msaada kuliko wengine ndiye ambaye jina lake halimo daftarini.

Swali hili liliwahi kuwakabili watu waliokuwa wageni katika mji wao kuliko wapangaji wa Kimbo. Tarehe 12 Aprili 1787, katika mji wa Philadelphia huko Marekani, watu Weusi wachache wakiongozwa na Absalom Jones na Richard Allen, wote wawili wazaliwa wa utumwani, waliunda chama wakakiita Chama cha Waafrika Huru. Kanuni zake zikisomwa leo katika mkutano wowote wa Kimbo hazitamshangaza mtu. Kila mwanachama alitoa shilingi moja ya fedha kila mwezi. Akiisha kutoa kwa mwaka mzima, kisha akapatwa na uhitaji, alipewa shilingi tatu na peni tisa kila juma, kwa sharti kwamba uhitaji huo haukuletwa na uzembe wake mwenyewe. Mlevi hakupokelewa. Mjane wa mwanachama alitunzwa. Ilikuwa kanuni njema, lakini ilikuwa ya wanachama tu.

Mwaka 1793 homa ya manjano iliingia katika mji huo, ikaua watu karibu 5,000 kati ya watu wapatao 50,000. Matajiri walikimbia, maofisa wa serikali walikimbia, hata ndugu waliachana vitandani. Daktari mashuhuri, Benjamin Rush, alidhani kwamba watu Weusi hawashikwi na homa hiyo. Dhana hiyo haikuwa kweli, nao walikufa kama wengine. Hata hivyo Jones na Allen walipoombwa msaada walishauriana na wenzao, wakakubali. Waliwauguza wagonjwa ambao hawakuwa wanachama wala wa rangi yao, na ambao wengi wao mwaka uliotangulia wasingewakaribisha mlangoni. Waliwabeba maiti ambao jamaa zao wenyewe waliogopa kuwagusa.

Homa ilipokwisha, shukrani haikudumu. Mchapishaji mmoja, Mathew Carey, alitoa kitabu akadai kwamba baadhi ya wauguzi Weusi walitoza malipo makubwa na kuiba mali za wagonjwa. Jones na Allen walijibu mapema mwaka 1794, na ndani ya jibu lao waliweka hesabu. (Vijana wasiozijua fedha za zamani wakumbuke kwamba pauni ilikuwa shilingi 20, na shilingi ilikuwa peni 12.) Walipokea pauni 233, shilingi 10 na peni 4 kwa kuzika maiti na kufukia matandiko yao. Walinunua majeneza ya pauni 33 ambayo hakuna aliyeyalipia. Waliajiri watu watano, watatu kwa siku 70 kila mmoja na wawili kwa siku 63 kila mmoja, kwa shilingi 22 na peni 6 kwa siku, nayo ikawa pauni 378. Matumizi yote yalikuwa pauni 411. Karani yeyote mwenye kalamu aweza kuitoa hesabu hiyo mwenyewe, naye ataona kwamba walipata hasara ya pauni 177, shilingi 9 na peni 8, iliyotoka mifukoni mwao.

Yapo mambo mawili ya kutazama hapa, na la pili husahauliwa. La kwanza ni kwamba chama kilivuka mpaka wa daftari lake kikawahudumia watu waliokuwa nje. La pili ni kwamba hesabu zake ziliandikwa, shilingi kwa shilingi, hata zikaweza kusomwa na adui. Kama Jones na Allen wangalitenda wema ule bila daftari, neno la Carey lingalibaki peke yake mpaka leo. Mtu mwema asiyeandika hesabu hana la kumjibu mchongezi.

Baadaye, mwaka 1797, Absalom Jones huyo huyo akawa mkuu wa kwanza wa tawi la Frimasoni la watu Weusi mjini Philadelphia. Matawi ya chama hicho huitwa loji. Neno hili lisimpoteze msomaji wa Kimbo, ambako loji ni nyumba ya kulala wageni kando ya barabara. Kibali cha tawi lile kilitoka kwa Prince Hall wa Boston, aliyeingizwa katika Frimasoni mwaka 1775 pamoja na wenzake kumi na wanne, akapata hati ya loji yake kutoka Uingereza iliyoandikwa mwaka 1784. Mwaka 1787 watu wa Boston wakiongozwa naye waliomba serikali ya Massachusetts iwape watoto wao shule, hawakupewa. Miaka kumi na mmoja baadaye watoto hao walianza kusomeshwa katika nyumba ya mtu, nyumba ya Primus Hall. Kati ya mambo hayo mawili, mwezi wa Februari 1788, watu watatu Weusi walidanganywa wakapanda meli bandarini Boston, wakapelekwa visiwa vya Karibi wauzwe. Prince Hall na ndugu zake wa loji, watu ishirini na wawili kwa jumla, walitia sahihi barua ya malalamiko kwa Baraza la kutunga sheria, na wahubiri wa mji nao wakaongeza sauti zao. Mwezi wa Machi sheria ya kupiga marufuku biashara ya watumwa katika jimbo hilo ilipitishwa, na kabla ya mwaka kwisha wale watatu walirudi makwao. Barua ile haikuwagharimu ndugu wa loji fedha yoyote ya maana. Iliwagharimu ujasiri, na hiyo pia ni sadaka.

Afrika ya Mashariki nayo ilipata loji mapema. Lodge Harmony ya Nairobi ilianzishwa mwaka 1905, mji ungali wa mabati, na kwa miaka mingi watu wake walikuwa hasa Wazungu. Wahindi na Waafrika waliingia baadaye. Jengo la Frimasoni lipo katika barabara ya Nyerere mpaka leo, na wapitao mbele yake wengi huongeza mwendo. Mwaka 1994 Rais Daniel arap Moi aliunda tume ya kuchunguza ibada ya shetani nchini, chini ya Askofu Mkuu Nicodemus Kirima wa Nyeri, na ripoti yake ilipofika Bungeni mwaka 1999 jina la Frimasoni lilikuwamo. Hapa si mahali pa kuliamua shauri hilo, na watu wa dini wana haki ya kushikilia maoni yao. Lakini karani aliyezoea kupanga majalada ataona kilichokosekana. Chama hicho husema kwamba msingi wake ni upendo wa ndugu, msaada na ukweli, na katika mikutano yake mfuko wa sadaka hupitishwa. Ila kwa miaka mingi mwananchi wa kawaida wa Nairobi aliyaona mapazia ya jengo, asiione hesabu ya mfuko. Mahali palipo pazia, watu hushona hadithi. Salamu za siri na maneno ya kupokea wageni yaweza kuvumiliwa, maana hata jando lina siri zake. Siri ya fedha za sadaka ni jambo tofauti kabisa.

Hata hivyo liko jambo moja katika utaratibu wa loji za Kiingereza ambalo vyama vya Kimbo vingefaa kuliazima, yule anayewapenda Frimasoni na yule asiyewapenda kwa pamoja. Mbali na mweka hazina, loji huwa na maofisa wawili wa msaada. Mmoja hutazama ndani: huwatembelea wanachama wagonjwa, huwajua wajane kwa majina, hupeleka habari zao mkutanoni. Wa pili ni msimamizi wa sadaka, ambaye kazi yake ni michango na mahali itakapopelekwa, pamoja na nje ya chama. Vyama vya Kimbo vina yule wa kwanza tangu zamani, ijapokuwa hana cheo; kwa kawaida ni mama mmoja mtu mzima ambaye kila mtu humpigia simu. Yule wa pili hawana. Na kwa kuwa hakuna mtu aliyepewa kazi ya kutazama nje, hakuna atazamaye.

Wala mtu wa Kiambu hana haja ya kusafiri mpaka Boston kutafuta mfano. Githunguri, katika kaunti hiyo hiyo ya Kiambu, palianzishwa mwaka 1939 chuo cha ualimu kilichoongozwa na Mbiyu Koinange, na baadaye na Jomo Kenyatta aliyerudi kutoka Uingereza mwaka 1946. Fedha za kujenga zilichangwa na wananchi, na njia iliyofaa kuliko zote ilikuwa kuchanga kwa marika. Rika ni udugu hasa: watu waliotahiriwa pamoja, wenye jina moja na heshima moja, ambao mmoja wao akiaibika wote huaibika. Rika moja likitoa, rika jingine halikukubali kupitwa. Wanawake nao walichanga kwa ajili ya bweni la wasichana. Serikali ya kikoloni ilikifunga chuo mwaka 1952, lakini jambo lililothibitika halikufungwa pamoja nacho: kwamba kiapo cha udugu cha zamani chaweza kumjengea shule mtoto wa rika jingine, hata mtoto ambaye hajazaliwa.

Mashindano hayo yana hatari yake, na watu wa pwani waijua. Vyama vya beni vya Lamu na Mombasa, vyenye wafalme wao na majenerali wao, vilisaidiana katika maradhi na maziko. Walakini fedha nyingi ziliishia katika mavazi, tarumbeta na karamu za kuwashinda wapinzani. Wanawake wa lelemama walishindana vivyo hivyo. Hapo katika miaka ya 1950 baadhi ya wanawake wa Mombasa waliotoka katika vyama hivyo vya ngoma wakatumia ujuzi wao wa kupanga watu na kukusanya fedha kuunda vyama vya maendeleo ya wanawake Waislamu, elimu ikiwa mbele. Siku hizi beni imekuwa picha. Chama chaweza kutoa mfuko wa unga na kupiga picha ishirini, mjane amesimama katikati akitazama chini, na picha hizo zikaenea mtaani kabla unga haujapikwa. Mtu aliyewahi kuomba ajua kwamba picha ile ni bei, tena bei kubwa.

Yafaa sasa kutazama hesabu, maana wengi watasema kwamba watu wa Kimbo ni maskini na hawana cha kuwapa walio nje. Tuseme chama kina watu 30, kila mmoja atoa shilingi 200 kwa mwezi. Hizo ni shilingi 6,000. Sehemu moja ya kumi ikitengwa kwa ajili ya jirani asiye mwanachama, ni shilingi 600 kwa mwezi, au shilingi 20 kwa kila mtu, na kwa mwaka ni shilingi 7,200. Fedha hizi hazitoshi kusafirisha maiti mpaka Busia, na haifai kumdanganya mtu kwamba zatosha. Lakini Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA, iliyochukua mahali pa NHIF mwezi wa Oktoba 2024, hutoza nyumba isiyo na mshahara wa kuajiriwa kwa kadiri ya mapato yake, na kiwango cha chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka. Basi shilingi 20 za kila mwanachama zaweza kuwalipia SHA mwaka mzima jamaa wawili walio maskini kabisa katika ploti. Vyama kumi vya mtaa mmoja vingewalipia jamaa ishirini. Hiyo ni kazi ya msimamizi wa sadaka: kujua ni jamaa gani wasioandikishwa, kwenda nao kuandikishwa, na kutunza stakabadhi.

Nani achaguliwe? Hapa ndipo vyama vingi huvunjika, kwa kuwa kila mwanachama ana shangazi yake. Njia iliyo salama ni kuwauliza watu wasiokuwa wa chama: mwalimu wa shule ya karibu, ambaye huwajua watoto wajao bila kula, mhudumu wa afya wa jamii, apitaye nyumba kwa nyumba, mtunza ploti, ambaye hujua ni mlango gani umekosa moshi kwa siku mbili. Watu hawa watatu wakitaja jina moja, ubishi hupungua.

Tena si kila msaada ni fedha. Waendesha bodaboda wa kituo kimoja waweza kuwekeana zamu ya usiku, mmoja kila usiku, ya kumpeleka mgonjwa wa mtaa hospitali ya Ruiru au Thika bila malipo, jina na namba ya simu ya mwenye zamu zikibandikwa kwenye duka. Mwanachama aliye karani aweza kumwandikia jirani barua ya kuomba msaada wa karo kwa ajili ya mtoto, kwa maana fomu nyingi hurudishwa kwa sababu ya kujazwa vibaya. Mambo haya ni madogo. Usiku wa kuumwa na uchungu, pikipiki moja si jambo dogo.

Hesabu nazo zibandikwe pale pale dukani mara moja kwa miezi mitatu, karatasi moja, fedha zilizoingia na zilizotoka, bila kutaja jina la aliyesaidiwa. Wako watakaosema kwamba kufanya hivyo ni kuwaita wezi. Mwizi wa fedha za chama mara nyingi haingii kwa dirisha. Ana ufunguo, na karatasi ya dukani humsumbua yeye kuliko mtu mwingine yeyote.

Kwa upande wa sheria, hakuna kizuizi. Sheria ya kuandikisha vikundi vya jamii ya mwaka 2022 yataka kikundi kiwe na watu wasiopungua kumi, kiwe na katiba yake, na kiandikishwe kwa maofisa wa maendeleo ya jamii. Vikundi vingi vya Kimbo vyenye akaunti ya benki vina katiba tayari, nakala yake ikiwa kwa mwandishi. Nafasi ya msimamizi wa sadaka yaweza kuongezwa katika katiba hiyo kwa kura ya mkutano, chini ya kifungu cha mweka hazina, pamoja na ile sehemu moja ya kumi. Maneno yake hayazidi mistari mitatu.